Sayari ni nini hasa, na Pluto ilikosa nini? Mtoto wangu amenibana kwa maswali

Mzazi wa Darasa la Sita

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada, maana nimebanwa na mtoto wangu wa darasa la sita nikakosa pa kutokea. Wiki iliyopita alikuwa na kazi ya nyumbani iliyomtaka ataje sayari zinazolizunguka Jua, nami nikamtajia tisa kama tulivyokariri enzi zetu, nikihesabu kwa vidole hadi Pluto. Daftari limerudi likiwa na mstari mwekundu juu ya Pluto, na pembeni mwalimu ameandika "8". Mtoto hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Baba, kwani Pluto imefanya nini mpaka ikafukuzwa?"

Nimepekuapekua nikaona watu wengi wakijibu kwamba Pluto ni ndogo mno. Jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua, ni ndogo kuliko Ganimedi, ambao ni mwezi tu wa Mshtarii, na bado hakuna aliyethubutu kuiondoa kwenye orodha. Kama ni suala la udogo, nani aliyechora mstari, na kwa kipimo gani? Swali langu la pili ni hili: sayari hutokeaje? Nauliza yote mawili kwa pamoja kwa sababu ninahisi, bila ya uhakika, kwamba huwezi kusema kitu ni nini bila kujua kilivyotokea.

(Kuna jambo jingine dogo linalonichanganya. Kitabu nilichosomea mimi kiliiita Pluto "Utaridi", na Neptuni kiliita "Kausi". Kitabu cha mwanangu hakina majina hayo.)

Darubini Kuukuu

Ndugu Mzazi, nianze na hilo dogo ili tuliweke kando. Utaridi ni jina lililotoka katika Kiarabu, na tangu zamani ni jina la sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Kausi si sayari kabisa, ni buruji, yaani lile kundi la nyota la Mshale, kama vile Sumbula na Sarateni zilivyo buruji. Waandishi wa baadhi ya vitabu vya shule walihitaji majina ya sayari ambazo wazee wetu wa falaki hawakuzijua, kwa kuwa Uranus iligunduliwa mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, wakachukua majina yaliyokuwa karibu na mkono. Hapa nitaandika Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni.

Sasa Pluto. Uko sahihi kwamba hoja ya udogo peke yake haitoshi, na kwa hakika haikuwa ndiyo hoja yenyewe. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh katika kituo cha Lowell, Arizona, na kwa zaidi ya miaka 60 ilionekana kuwa peke yake kule nje. Kuanzia mwaka 1992 wanaastronomia wakaanza kuona vitu vingine vya barafu nje ya Neptuni, kimoja baada ya kingine, hadi ikawa dhahiri kwamba Pluto ni mkazi mmoja wa mtaa wenye watu wengi, unaoitwa ukanda wa Kuiper. Kilichomwaga maji ni Eris. Mike Brown na wenzake walitangaza kuigundua mwezi Julai 2005, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa kubwa kuliko Pluto. Leo tunajua kwamba Pluto ina kipenyo cha kilomita 2,377 na Eris kilomita 2,326 hivi, lakini Eris ina tungamo, yaani wingi wa mata, kubwa zaidi kwa takribani robo. Basi ukiiita Pluto sayari, Eris nayo utaiitaje? Na zile zitakazogunduliwa kesho?

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Praha, na tarehe 24 Agosti 2006 ulipiga kura. Uamuzi ulisema kwamba sayari, katika mfumo wetu wa Jua, ni kitu kinacholizunguka Jua, chenye tungamo la kutosha hadi mvutano wake wenyewe ukakifinyanga kuwa karibu na mviringo, na ambacho kimesafisha eneo la njia yake. Pluto inatimiza mawili ya kwanza na kushindwa la tatu, ndiyo maana ikaitwa sayari kibete, pamoja na Eris na Ceres, kisha baadaye Makemake na Haumea.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Pluto haikuwa ya kwanza kupatwa na mkasa huu. Ceres iligunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801, kati ya Mirihi na Mshtarii, ikaitwa sayari. Zikafuata Pallas, Juno na Vesta ndani ya miaka saba, nazo zikaingizwa kwenye orodha, na vitabu vya wakati ule vilizitaja zote kuwa sayari bila wasiwasi. Kuanzia mwaka 1845 mambo yalifurika, kila mwaka mpya na vitu vipya katika eneo lilelile, mpaka ilipofika miaka ya 1850 wanaastronomia wakakubaliana kimyakimya kwamba hizo ni kundi jingine, asteroidi. Hapakuwa na kura wala kelele. Naona tofauti kubwa kati ya Ceres na Pluto ni kwamba Ceres haikupata muda wa kukaririwa na vizazi vya wanafunzi.

Mzazi wa Darasa la Sita

Mkuu, nashukuru sana, nimekuelewa vizuri hadi kwenye sharti la tatu. Hapo ndipo naona pana mushkeli. Nimesoma kwamba katika njia ya Mshtarii kuna maelfu ya asteroidi zinazotangulia na kufuata sayari hiyo, na Dunia yenyewe hupitiwa na mawe kila siku. Kama kusafisha maana yake ni kutobakisha kitu, basi hakuna aliyesafisha.

Mwanafunzi wa Fizikia

Shikamoo mzee wangu. Niruhusu nijibu hapa, kwa sababu sharti hili la tatu ndilo linaloyaunganisha maswali yako mawili: halieleweki mpaka kwanza ueleze sayari zinavyojengwa.

Miaka bilioni 4.6 iliyopita palikuwa na wingu la gesi na vumbi lililojikunja kwa mvutano wake lenyewe. Kwa kuwa lilikuwa likizunguka polepole, kujikunja kuliongeza kasi ya mzunguko, na lile lililoshindwa kuanguka katikati likatandazika kuwa sahani pana inayolizunguka Jua changa. Hili si la kukisia tena. Mwaka 2014 darubini za redio za ALMA, zilizoko jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri, na picha ile inaonyesha sahani yenye mistari myeusi na myeupe kama mifuo ya sahani ya santuri. Mwaka 2018 ikaja picha ya sayari ndani ya sahani ya nyota nyingine, PDS 70, ikiwa bado inajengwa, na mwaka uliofuata ikaonekana ya pili.

Ndani ya sahani hiyo kazi huanza na chembe ndogo kuliko za moshi. Chembe hizo zikigusana polepole hunatana, kama vumbi la chini ya kitanda linavyojikusanya kuwa vijidonge laini ambavyo ukipuliza vinakimbia. Hadi kufikia ukubwa wa kokoto hakuna tatizo kubwa. Tatizo linakuja baada ya hapo, na ndilo lililowasumbua wataalamu kwa miongo mingi: mawe mawili yakigongana hayanatani, yanavunjika au yanadundana. Tena kuna adui wa pili. Gesi ya sahani hujitegemeza kidogo kwa mgandamizo wake, hivyo hulizunguka Jua polepole kidogo kuliko jiwe linavyotaka kwenda, na jiwe hujikuta daima likikabili upepo wa mbisho. Upepo huo hulipunguzia mwendo, nalo huporomoka kuelekea kwenye Jua. Jiwe la mita moja, likiwa mahali ilipo Dunia leo, humalizika ndani ya miaka mia kadhaa tu, ambayo kwa hesabu za falaki ni sawa na kupepesa jicho.

Jibu linaloungwa mkono na wengi sasa ni kwamba kokoto hazipandi ngazi hiyo moja moja. Zinapokuwa nyingi mahali pamoja hukingana upepo, kama waendesha baiskeli wanaokwenda kwa msafara. Kundi linaporomoka polepole kuliko kokoto iliyo peke yake, kwa hiyo zile zinazotoka nje zikiporomoka haraka hulikuta na kujiunga nalo. Kundi hunenepa hadi mvutano wake wenyewe unalikunja kwa mpigo mmoja kuwa jabali la makumi au hata mamia ya kilomita. Chombo cha New Horizons, baada ya kuipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, kiliendelea hadi kwenye kitu kiitwacho Arrokoth na kukipita tarehe 1 Januari 2019. Picha zake zinaonyesha mapande mawili, yenye urefu wa jumla wa kilomita 36 hivi, yaliyokutana shingoni bila ufa wala mpasuko. Mawe yaliyogongana kwa kishindo hayabaki hivyo. Hayo yalitokana na kundi moja la kokoto yakaegemeana taratibu, na baada ya hapo hayakuguswa tena.

Kutoka hapo mkubwa huwala wadogo. Jabali lenye tungamo kubwa kidogo kuliko wenzake huvuta zaidi, likivuta zaidi hukua, na likikua huvuta zaidi tena. Karibu na Jua, palipokuwa na joto, vitu vigumu vilikuwa mwamba na chuma tu, navyo ni vichache, ndiyo maana huku tuna sayari ndogo za mawe. Mbali zaidi maji yenyewe yaliganda yakawa sehemu ya mali ya ujenzi. Kiini cha Mshtarii kilikua upesi hadi kufikia labda mara 10 ya tungamo la Dunia, kikaanza kufyonza hidrojeni na heliamu zilizokizunguka. Ilibidi kiwahi, kwa sababu gesi ya sahani hutoweka ndani ya miaka milioni chache. Dunia haikuwa na haraka hiyo. Iliendelea kugongwa na kujengwa kwa makumi ya milioni ya miaka, na mgongano mmoja wa mwishomwisho ndio unaodhaniwa kuutoa Mwezi.

Sasa rudi kwenye sharti lako. "Kusafisha njia" hakumaanishi kufagia mpaka pasibaki hata jiwe. Maana yake ni kwamba katika eneo hilo ujenzi ulifika mwisho, akabaki mkubwa mmoja, na kila kilichosalia kinaishi kwa amri yake: kimemezwa, kimerushwa mbali, kimekuwa mwezi wake, au kimefungwa katika mwendo unaopangwa naye. Zile asteroidi za Mshtarii zipo kwa sababu Mshtarii mwenyewe amezishika pale. Mwaka 2006 Steven Soter alipiga hesabu ya kulinganisha tungamo la kila mmoja na jumla ya vingine vyote vinavyogombea eneo lake. Kwa Dunia alipata uwiano wa takribani 1,700,000 kwa 1. Kwa Ceres alipata 0.33, na kwa Pluto 0.077. Hakuna kitu kinachokaa katikati, kana kwamba mtu amechimba korongo kati ya makundi hayo mawili. Na Pluto hailetei Neptuni amri, inapokea: huzunguka Jua mara 2 kila Neptuni inapozunguka mara 3, na mpango huo ndio unaoiepusha isigongane nayo ingawa njia yake huingia ndani ya njia ya Neptuni.

Mkazi wa Songwe

Niongeze la kushikika, maana mnazungumzia mambo ya mbali ilhali mengine yako hapa kwetu. Mzazi, ukipata nafasi mpeleke mtoto akaone Kimondo cha Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Nimefika pale mara nyingi nikiwa na wageni. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani zipatazo 16, na asubuhi ukiweka kiganja unahisi baridi ya chuma, si ya jiwe. Juu yake kuna mabonyeo kama ya dole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi, na ukiligonga kwa kokoto linalia kama kile kipande cha reli kinachotundikwa shuleni kuwa kengele.

Sasa jiulizeni: chuma kilichochanganyika na nikeli kilijikusanyaje hivyo angani? Kwenye vumbi la mwanzo chuma kilikuwa kimetawanyika ndani ya kila chembe. Yale majabali ya kwanza aliyoyaeleza mwanafunzi wetu yalikuwa na aluminiamu-26, ambayo ni mnururifu, yaani hujivunja yenyewe ikitoa joto, na joto lake liliyayeyusha kwa ndani. Yalipoyeyuka, chuma kilicho kizito kilizama katikati na mwamba ukaelea juu, kama mchanga na maji kwenye karai la mchimba dhahabu. Baadaye mengi yalivunjwa kwa migongano, na viini vyake vikabaki vikitangatanga. Vimondo vingi vya chuma vinaaminika kuwa vipande vya viini vya namna hiyo. Ukikata kimoja, ukakisugua na kukipaka asidi, hutokea michoro ya mistari iliyopishana, ambayo hujengeka pale tu chuma kinapopoa polepole sana, nyuzi chache au mamia machache kwa kila miaka milioni. Kwa maneno mengine, tunaweza kupapasa kwa mkono mabaki ya zile sayari zilizoanza kujengwa zikaishia njiani.

Sikubaliani na Praha

Nimesoma yote kwa utulivu, na sayansi ya ujenzi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno. Wataalamu wengi wa miamba na mandhari za sayari, Alan Stern aliyeongoza safari ya New Horizons akiwa mmojawao, wanasema kitu kitambulike kwa kilivyo chenyewe na si kwa majirani zake. Pluto ina milima ya barafu ya maji, uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda ambayo bado inachemka polepole kwa ndani na kujifanya upya, anga jembamba lenye tabaka za ukungu, na miezi mitano. Mtu anayechunguza hayo anatumia elimu ileile anayoitumia kwa Mirihi. Ng'ombe hakosi kuwa ng'ombe kwa sababu yumo kundini.

Pili, ule uamuzi unasema "kinacholizunguka Jua". Tangu Michel Mayor na Didier Queloz watangaze sayari ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995, zimethibitishwa zaidi ya 5,000 kwenye nyota nyingine, na kwa herufi za azimio la 2006 hata moja si sayari. Tatu, waliopiga kura ukumbini walikuwa mia nne na ushei, katika umoja wenye maelfu ya wanachama. Na mwisho: inasemekana ukiichukua Dunia ukaiweka mahali pa Pluto, haitaweza kusafisha njia yake, nayo ingekuwa sayari kibete. Ufafanuzi wa aina gani huo unaobadilisha kitu kwa kukihamisha nyumba?

Darubini Kuukuu

Hoja zako mbili za kwanza nazikubali kwa sehemu kubwa. Azimio lile liliandikwa kwa ajili ya mfumo wetu peke yake, na kwa sayari za nyota nyingine umoja huohuo una maelezo ya kazi yaliyo tofauti, ambayo kwa upande wa juu huweka kikomo cha tungamo mara 13 ya Mshtarii, kwa kuwa juu ya hapo kitu huanza kuunguza deuteri, yaani hidrojeni nzito, ndani yake. Pia sioni ubaya mtaalamu wa miamba akiiita Pluto sayari anapozungumza na wenzake. Ila akifuata kipimo cha umbo peke yake ajue kwamba Mwezi wetu nao utaingia, na Ganimedi, na Titani, na vitu vingi vya ukanda wa Kuiper, na orodha ya mtoto wa darasa la sita itapita mia.

Lakini hiyo ya mwisho kuhusu Dunia, ingawa inarudiwa sana, haisimami. Mwaka 2015 Jean-Luc Margot alitoa kanuni rahisi ya kukadiria ni tungamo gani linahitajika kusafisha njia kwa umbali fulani ndani ya maisha ya nyota. Kwa nyota kama Jua, kitu chenye tungamo la Dunia kinaweza kusafisha njia yake hadi umbali wa takribani mara 400 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua. Pluto, kwa wastani, iko mara 39.5. Mirihi ingeweza hadi mara 53 hivi, nayo ingefaulu mahali pa Pluto, ingawa kwa shida. Ambayo ingeanguka ni Utaridi: kwa kanuni hiyohiyo mwisho wake ni karibu mara 30, kwa hiyo ikihamishiwa kule ingebaki na majirani wake na kuitwa kibete. Hivyo hoja yako ina chembe ya ukweli, umeikosea sayari tu.

Mzazi wa Darasa la Sita

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mtoto ile sehemu ya vumbi la chini ya kitanda, akaenda kuchungulia akarudi na kidonge kiganjani. Sasa ana swali jingine: je, wakigundua nyingine kubwa mbali zaidi, zitarudi kuwa tisa?

Mwanafunzi wa Fizikia

Mwambie zinaweza. Mwaka 2016 Konstantin Batygin na huyohuyo Mike Brown walipendekeza kwamba kuna sayari yenye tungamo takribani mara 10 ya Dunia, mbali sana nje ya Neptuni, kwa kuangalia jinsi njia za baadhi ya vitu vya huko zilivyojipanga upande mmoja. Wapo wanaodai mpangilio huo unatokana na sehemu ambazo darubini zimeelekezwa zaidi kuliko nyingine. Kama ipo, kwa tungamo hilo itafaulu sharti la tatu bila taabu, hata kwa umbali ule. Bado haijaonekana. Darubini ya Vera Rubin iliyoko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, itakuwa ikipiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka 10, na kitu cha namna hiyo, kama kipo upande huo, kina nafasi nzuri ya kunaswa humo. Kwa mtihani wa mwaka huu aandike nane.